Kuchoma Video kwenye DVD: Namna ya Kuchagua Programu Ifaayo

Miongoni mwa huduma za kompyuta ambazo mtumiaji hulipia bila kujua hasa analipia nini ni kuchoma video kwenye DVD. Harusi imerekodiwa, au maulidi, au kipaimara. Au maneno ya mwisho ya babu yamo ndani ya simu ya mjukuu. Familia inataka nakala zitakazochezwa kwenye deki ya nyumbani kwa wazee, mahali ambapo runinga na deki vipo lakini bando la intaneti ni ghali au mtandao haushiki vizuri. Programu inanunuliwa, diski inachomwa, na kompyuta inaonyesha picha bila tatizo lolote. Kisha diski inasafirishwa hadi kijijini, inatiwa ndani ya deki, na deki inakataa kuisoma.

Mara nyingi diski hiyo si mbovu, wala deki si mbovu. Kilichokosewa ni aina ya programu iliyotumika, au kitufe kilichobonyezwa ndani ya programu hiyo. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza tofauti iliyopo, ili mtumiaji aweze kuchagua programu inayotimiza haja yake, asilipie asichokihitaji, na asipoteze kumbukumbu ambayo haiwezi kurekodiwa mara ya pili.

Kuchoma si kunakili tu

DVD moja tupu yaweza kuchomwa kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa. Njia ya kwanza ni kuifanya diski ya data. Hapo faili la video huhamishwa jinsi lilivyo, kama linavyohamishwa kwenye flashi. Kompyuta italifungua, kwa sababu kompyuta ina programu zinazoelewa aina nyingi za mafaili. Njia ya pili ni kuifanya diski ya DVD-Video, yaani diski iliyopangwa kwa kanuni zilizokubaliwa na watengenezaji wa deki tangu miaka ya 1990. Deki ya kawaida imeundwa kusoma kanuni hizo, na huenda isielewe kitu kingine chochote.

Kanuni hizo ni bayana. Picha hubanwa kwa mfumo uitwao MPEG-2. Katika nchi zinazofuata mfumo wa runinga wa PAL, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, picha huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, na picha 25 hupita kila sekunde. Mafaili yote huwekwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, nayo huwa na majina yanayoishia na VOB, IFO na BUP. VOB hubeba picha na sauti. IFO huieleza deki mpangilio wa diski. BUP ni akiba ya IFO.

Video ya simu ya kisasa haifuati hata moja ya kanuni hizo. Aghalabu imebanwa kwa mfumo wa H.264 au HEVC, ina nukta 1920 kwa 1080, na hupitisha picha 30 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kabla ya kuchomwa ni lazima igeuzwe. Programu isiyogeuza itakutolea diski ya data hata kama tangazo lake limeandikwa kwamba “huchoma DVD”. Tangazo hilo si uongo, bali halijasema yote.

Kipimo ni rahisi. Tia diski iliyochomwa ndani ya kompyuta, kisha uangalie kilichomo. Ukikuta folda ya VIDEO_TS, hiyo ni DVD-Video. Ukikuta faili moja linaloishia na MP4, MOV au MKV, hiyo ni diski ya data.

Je, unahitaji DVD?

Kabla ya kununua programu yoyote, ichunguze deki itakayotumika. Deki nyingi zilizouzwa katika miaka ya karibuni zina tundu la USB, na kitabu cha maelekezo hutaja aina za mafaili zinazosomeka, kwa mfano AVI zilizobanwa kwa DivX au Xvid. Runinga nyingi bapa nazo husoma MP4 moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Iwapo wote unaokusudia kuwapelekea video wana vifaa vya namna hiyo, flashi itakugharimu muda mchache zaidi na picha itabaki na ubora wake.

DVD inafaa pale ambapo deki ni ya zamani, nakala zinazohitajika ni nyingi, au mpokeaji hajazoea flashi. Kumbuka pia kwamba kompyuta nyingi mpya za mkononi haziji na draivu ya DVD. Draivu ya nje ya USB hununuliwa peke yake, na gharama yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Kazi tatu, programu moja au zaidi

Safari ya video kutoka kwenye simu hadi kwenye deki ina hatua tatu. Kwanza ni kugeuza, yaani kuibana upya video kwa MPEG-2. Pili ni kupanga, yaani kuigawa katika sura, kuweka menyu ikihitajika, na kutengeneza folda ya VIDEO_TS. Tatu ni kuchoma, yaani kuiandika folda hiyo kwenye diski. Baadhi ya programu hufanya kazi zote tatu. Nyingine hufanya moja tu. Mtumiaji anayeelewa mgawanyo huu hadanganyiki kwa urahisi na orodha ndefu ya sifa iliyochapwa kwenye kasha.

DVDStyler ni mfano wa programu inayofanya kazi zote tatu. Ni programu huria, hailipiwi, na ina matoleo ya Windows, Linux na macOS. Mtumiaji huchagua PAL, huingiza mafaili yake, hupanga menyu, kisha huchoma.

ImgBurn, ya Windows, ni mfano wa programu ya hatua ya tatu. Huchoma folda ya VIDEO_TS iliyokwisha kutayarishwa, lakini haiitayarishi. Anayeipa faili la MP4 atapata diski ya data. K3b, inayotumiwa kwenye Linux, nayo huchoma DVD-Video iwapo folda hiyo iko tayari.

HandBrake hutajwa mara nyingi katika mazungumzo ya DVD, na wengi huipakua kwa kuchanganya mambo. Kazi yake ni kugeuza video kuwa mafaili kama MP4. Haitengenezi wala haichomi DVD ya kuchezwa kwenye deki.

Katika programu za kulipia, majina yanayofanana yanahitaji uangalifu. Katika bidhaa za kampuni ya Nero ya Ujerumani, kwa mfano, Nero Burning ROM kazi yake kuu ni kuchoma, ilhali kupanga DVD yenye menyu ni kazi ya Nero Video. Anayenunua moja akidhani amenunua nyingine amelipia programu nzuri isiyo na kazi kwake.

Yapo pia yaliyopita. Baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7 yalikuja na Windows DVD Maker, nayo ikaondolewa kuanzia Windows 8. Kompyuta za Apple zilikuja na iDVD, lakini tangu mwaka 2011 kompyuta mpya za kampuni hiyo haziji nayo. Ushauri wa zamani unaomwambia mtumiaji “fungua programu iliyomo ndani ya kompyuta yako” hauna maana tena kwa kompyuta mpya.

Hapo ndipo wengi hukwama. Ukitia diski tupu kwenye kompyuta ya Windows, huulizwa kama unataka diski itumike kama flashi au itumike kwenye deki. Wengi huchagua jibu la pili wakiamini kwamba wamekwisha kutengeneza DVD ya kuchezwa. Sivyo. Chaguo hilo huandika diski ya data kwa namna inayosomeka na vifaa vingi zaidi, lakini haligeuzi video. Deki isiyoelewa MP4 itaikataa diski hiyo vilevile.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

1. Je, programu inatoa DVD-Video yenye folda ya VIDEO_TS, au diski ya data tu?
2. Je, inapokea aina ya faili nililo nalo? Simu nyingi za sasa hurekodi kwa HEVC, na programu za zamani haziijui.
3. Je, naweza kuchagua PAL? Programu nyingine huja zikiwa zimepangwa kwa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani. Deki nyingi za huku hucheza mifumo yote miwili, lakini runinga ya zamani yaweza kuonyesha picha isiyo na rangi au inayoyumba.
4. Je, naweza kuchagua umbo la picha, yaani 4:3 au 16:9? Kosa hapa huwafanya maharusi waonekane wembamba kama mianzi au wafupi kupita kiasi.
5. Je, inaweza kutengeneza faili la taswira ya diski, linaloishia na ISO, kabla ya kuchoma? Faili hilo huweza kufunguliwa kwa programu ya bure ya VLC, ukaikagua menyu na sauti bila kuharibu hata diski moja. Likiwa sawa, huchomwa mara nyingi utakavyo.
6. Je, inafunga na kuhakiki diski baada ya kuchoma? Diski isiyofungwa yaweza kusomeka katika kompyuta iliyoichoma na isisomeke kwenye deki.
7. Je, malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka? Na je, kompyuta yangu inatimiza masharti yake?

Programu ya bure inayojibu “ndiyo” kwa maswali sita ya kwanza ni bora kuliko ya kulipia inayojibu “ndiyo” kwa matatu. Mtu wa kawaida anayehitaji nakala chache kwa mwaka hana budi kujaribu programu huria kwanza. Ya kulipia humfaa yule anayefanya kazi hii kwa biashara, anayehitaji menyu nyingi za kuchagua, au anayetaka huduma ya msaada kutoka kwa mtengenezaji.

Hesabu ya muda, ukubwa na ubora

DVD ya kawaida yenye tabaka moja huandikwa gigabaiti 4.7, nayo kompyuta ya Windows huonyesha takriban 4.38. Hujapunjwa: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, wakati Windows hutumia kipimo kikubwa kidogo.

Nafasi hiyo hugawanywa kwa muda wa video. Video ya saa moja yaweza kupewa karibu kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na kanuni za DVD, ambacho kwa picha ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Ya saa mbili hupata takriban megabiti 5, na bado huonekana vizuri. Ya saa nne hupata megabiti 2.6 tu, hapo ngoma na vigelegele hugeuka kuwa vijisanduku vinavyotetemeka. Programu nyingi hubana video bila kuuliza ili itoshe, na mtumiaji hugundua ubovu baadaye. Kwa sherehe ndefu, diski mbili ni bora kuliko moja iliyosongamana. DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, lakini bei yake ni kubwa zaidi na baadhi ya deki za zamani hukwama zinapovuka kutoka tabaka moja hadi jingine.

Kazi ya kugeuza huchukua muda. Katika kompyuta dhaifu, video ya saa mbili yaweza kuchukua saa kadhaa. Acha nafasi ya gigabaiti 10 hivi kwenye diski kuu, na hakikisha betri imejaa kabla ya kuanza kuchoma, kwani umeme ukikatika katikati, diski ya kuandikwa mara moja haiokoleki.

Diski na kasi ya kuchoma

Diski tupu zina majina yanayokaribiana: DVD-R na DVD+R huandikwa mara moja, DVD-RW na DVD+RW hufutwa na kuandikwa upya. Deki za kisasa husoma karibu zote. Kwa deki za zamani, DVD-R ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukubaliwa, na diski za kufutika ndizo zinazokataliwa zaidi. Diski moja ya kufutika inafaa kuwa nayo kwa majaribio, lakini nakala za kugawa zichomwe kwenye diski za kuandikwa mara moja.

Kasi iliyoandikwa kwenye kasha, kwa mfano 16x, ni ya juu kabisa, wala si ya lazima. Kasi ya 4x au 8x hupunguza makosa, na gharama yake ni dakika chache tu: diski iliyojaa huchukua takriban dakika 15 kwa 4x.

Usibandike karatasi juu ya diski, kwa kuwa huifanya izunguke bila ulinganifu. Andika kwa kalamu laini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Joto na jua huharibu rangi inayohifadhi data, kwa hiyo diski isiachwe dirishani wala ndani ya gari.

Toleo la majaribio na nakala haramu

Programu nyingi za kulipia hutoa toleo la majaribio. Soma mipaka yake kabla ya kuanza kazi. Baadhi huchoma dakika chache za mwanzo tu. Baadhi huchapa jina la mtengenezaji juu ya picha, likabaki hapo daima. Fanya jaribio kwa kipande cha dakika mbili, ukicheze kwenye deki halisi, ndipo uamue kulipa.

Nakala zilizovunjwa ulinzi, zinazouzwa kwa bei ndogo au kugawiwa bure, zina hatari mbili. Ya kwanza ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Ya pili ni virusi: mara nyingi mtumiaji huelekezwa kuzima kinga ya kompyuta ili programu “ikubali”, na kwa kitendo hicho huwafungulia mlango wanaotafuta nywila na taarifa zake za fedha. Hata programu halali za bure zipakuliwe kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kila ukurasa wa usakinishaji usomwe, kwani baadhi ya visakinishi huambatanisha programu nyingine ambazo mtumiaji hakuziomba.

Ukimpa fundi kazi hiyo

Wengi hawatachoma wenyewe. Watakwenda steshenari au kwa mpiga video wa sherehe. Hapa pia ujuzi wa tofauti zilizoelezwa juu ni kinga. Kabla ya kulipa malipo ya awali, kubalianeni kwa maandishi mambo manne: kwamba diski zitakuwa DVD-Video za PAL, kwamba idadi na muda wa kila diski unajulikana, kwamba diski itachezwa kwenye deki mbele yako kabla ya kumalizia malipo, na kwamba utakabidhiwa mafaili halisi pamoja na DVD. Kuonyeshwa picha kwenye kompyuta ya fundi si uthibitisho, kwa sababu kompyuta husoma hata diski ambayo deki itaikataa. Dai risiti.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Anayeuziwa programu au huduma kwa maelezo ya uongo ana haki ya kulalamika. Makubaliano ya maandishi na risiti ndivyo vitakavyompa nguvu. Kwa upande wake, mtumiaji naye akumbuke kwamba kuchoma filamu au muziki wa watu wengine kwa ajili ya kuuza bila ruhusa ya mwenye haki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Maswali kuhusu ruhusa hizo hupelekwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Usifute faili halisi

Onyo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Picha moja ya video ya simu yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Picha hiyohiyo ikishageuzwa kuwa DVD ya PAL ina nukta 414,720, yaani sehemu moja ya tano. Sehemu nne zilizobaki haziendi kwenye diski, na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, itakayozirudisha kutoka humo.

Kwa hiyo DVD ni nakala ya kutazama, si ghala la kuhifadhia. Kabla ya kufuta chochote kwenye simu ili kupata nafasi, hamisha mafaili halisi hadi kwenye vifaa viwili tofauti, kwa mfano diski ya nje na kompyuta ya ndugu mwingine, na hakikisha yanafunguka huko. Programu ikikosewa leo, DVD nyingine yaweza kuchomwa kesho kwa gharama ndogo, madhali faili halisi lipo. Likifutwa, hata programu iliyo bora kuliko zote haitakuwa na kitu cha kuchoma.